Baiskeli ya kwendea kazini: Usiinunue kwa macho, njia za Lagangabilili hazina huruma!

UMEPATA kibarua Lagangabilili? Hongera, msomaji wangu. Umepanga chumba kijiji cha pembeni kwa sababu huko kodi ni nafuu, godoro umelitandika, sufuria mbili unazo. Sasa kasheshe ni moja tu. Saa moja na nusu asubuhi bosi anataka akuone umesimama nyuma ya kaunta, na kati ya godoro lako na hiyo kaunta kuna kilometa saba za njia ya ng'ombe.

Utafanyaje?

Wengi mtajibu haraka haraka: bodaboda. Sawa, lakini hebu tupige hesabu za mtoto wa darasa la nne. Tuseme unamlipa 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Ni mfano tu, bei ya kijijini kwako unaijua mwenyewe. Hiyo ni 3,000 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, 78,000 imeota mbawa. Kwa miezi sita ni 468,000, na huna hata kengele ya kuonyesha. Halafu subiri siku mvua inyeshe alfajiri: bodaboda wako ama anapandisha bei, ama anazima simu kabisa na kujifunika blanketi.

Kwa miguu nako, kilometa saba ni saa moja na nusu. Unafika umelowa jasho, vumbi mpaka kwenye kope, mteja wa kwanza anakuuliza kama unaumwa. Kwa baiskeli nzuri, hata njia iwe mbovu, utatumia kama dakika arobaini hivi. Nimesema baiskeli nzuri. Ile mbovu itakuchelewesha kuliko miguu, maana utaikokota huku ukiwa umeitolea hela.

Ndiyo maana nayaandika haya. Tangu Itilima ilipomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012 na kuwa wilaya, makao makuu yakiwa hapa Lagangabilili, vijana wengi wamekuja kutafuta riziki: walimu, manesi, makarani, wauza duka, mafundi simu, vinyozi. Na wengi mshahara wa kwanza tu ukiingia wanakimbilia baiskeli kwa kuangalia rangi. Miezi miwili baadaye chombo kimeegemezwa ukutani, kuku wanatagia chini yake.

AIBU YA NINI?

Kwanza tulimalize hili la ubishoo. Kuna masela wanaona kupanda baiskeli nyeusi ni ushamba. Eti ni ya wauza maziwa na wazee wa pamba. Wako radhi wakope nauli ya bodaboda kila wiki kuliko kuonekana na Phoenix mbele ya dada fulani.

Jamani! Huku kwetu Usukumani hiyo baiskeli nyeusi ilikuwa ndiyo Benzi. Miaka ya 1950, ushirika wa pamba ulipokuwa unapaa chini ya Paul Bomani, mkulima aliyeuza vizuri hakurudi nyumbani mikono mitupu, alirudi na Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza, na kijiji kizima kilitoka kumpokea. Baadaye zikaja Swala zilizounganishwa hapa hapa nchini, zikaja Phoenix za Shanghai, zikaja Avon na Hero kutoka mji wa Ludhiana, India. Hao Hero msiwaone hivi hivi. Mwaka 1986 waliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama watengenezaji wakubwa kuliko wote wa baiskeli duniani. Sasa wewe na simu yako ya mkopo unamwonea haya nani?

Na dada mwenyewe, nakuhakikishia, anamtazama anayefika kazini kwa wakati na jioni bado ana hela ya soda.

ITAZAME NJIA KABLA YA DUKA

Watu wanaanzia dukani. Kosa! Anzia njiani. Ijumaa moja tembea kutoka kwako mpaka kazini ukiwa umeinamisha kichwa kama uliyepoteza shilingi, uangalie unakanyaga nini.

Kuna luseni, ule mchanga mchanga wa miinuko. Tairi jembamba linazama humo kama kisu kwenye ugali. Kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, na huu ndio mfalme wa matatizo yote. Kiangazi unapasuka nyufa ndefu ambazo gurudumu likiingia, wewe unaendelea na safari peke yako kwa njia ya hewani. Masika unavimba na kunata. Tope linashika tairi, linapanda, linajaa kati ya tairi na madigadi, linashindiliwa mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ndipo utawaona watu wamebeba baiskeli begani, baiskeli ikiwa imempanda mtu.

Halafu kuna mbigili. Kidude kidogo tu, lakini kikitambaa pembezoni mwa njia baada ya mvua, kila tunda lake kavu lina miiba inayoangalia juu. Ukichanganya na miiba ya migunga ambayo wafugaji wanajengea mazizi, pancha kwako si ajali. Ni ratiba.

Kwa hiyo jiulize: sehemu kubwa ya njia yako ni mchanga au ni mbuga? Jibu hilo lina uzito kuliko rangi, kuliko idadi ya gia, kuliko hata jina lililoandikwa kwenye fremu.

WAGOMBEA WENYEWE

Sokoni utakutana na makundi matatu.

La kwanza ni hiyo nyeusi ya kizamani, Phoenix na ndugu zake. Magurudumu makubwa ya inchi 28, tairi la upana wa inchi moja na nusu, gia moja tu, keria ya chuma inayobeba gunia. Ni nzito, sikatai. Lakini gurudumu kubwa linapita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo linatumbukia. Na kwa kuwa haina gia, haina cha kuharibika kwenye gia. Nchi yetu hii ni tambarare yenye vilima vya mawe hapa na pale, gia 21 unazitaka za nini, unakwenda Kilimanjaro?

Ubaya wake ni breki. Nyingi zina zile breki za vyuma virefu badala ya waya, na rimu ni ya chuma inayong'aa. Mvua ikilowesha hiyo rimu, breki zinageuka kuwa salamu tu: unabonyeza, baiskeli inakujibu "marahaba" na kuendelea na safari. Siku ya mvua anza kubonyeza mapema sana kabla ya mteremko. Ubaya wa pili ni ile pini ndogo inayoshika mkono wa pedeli. Ikilegea utasikia "kto, kto" kila unapokanyaga. Usiuzoee huo mlio. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo, maana pini ni ya hela ndogo, lakini mkono ukishaliwa tundu utanunua mkono mzima.

Kundi la pili ni za mtumba kutoka Japani na Ulaya. Humu kuna vitu bomba kweli. Zile za Kijapani za kimama, zenye kikapu mbele, nyingine zina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ambako tope halifiki. Kuna na zile za gia za milimani zenye tairi pana, inchi mbili na zaidi kidogo. Kama njia yako ni luseni tupu, hiyo yenye tairi pana ndiyo dawa. Punguza upepo kidogo, inaelea juu ya mchanga.

Kundi la tatu ni mpya zinazometameta, zenye shokapu mbele na nyuma, stika za moto, gia nyingi, na bei inayokufanya ujiulize mbona rahisi hivi. Hapa ndipo mabishoo wanapoliwa. Baiskeli yenye shokapu za kweli zenye ubora ina bei inayokaribia pikipiki. Hizi za bei chee zina chemchemi tu zinazodunda. Nusu ya nguvu ya mguu wako inaishia kwenye kudunda badala ya kwenda mbele, maungio yanalegea mapema na uzito uko pale pale. Mimi hii hata nikipewa zawadi nitaiuza.

Na gia zile za kuning'inia nyuma? Ukiingia nazo mbugani masika, tope na majani vinakusanyika pale mnyororo unapopita, kile kidude cha gia kinavutwa, kinapinda, kinaingia kwenye spoku. Krrrk! Hapo umepoteza gia, spoku kadhaa na siku ya kazi. Wengine wanaponunua ya mtumba wanamwambia fundi aondoe gia zote, afupishe mnyororo, abakize moja. Si ushamba huo, ni akili. Kuna shirika linaitwa World Bicycle Relief, lilianza mwaka 2005, lenyewe likaamua kutengeneza baiskeli maalumu kwa njia za Afrika na kuiita Buffalo. Wataalamu walikaa, wakachora, wakapima. Walitoka na nini? Gia moja, breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na keria ya kubeba kilo 100. Yaani binamu wa Phoenix ya babu yako.

NAMBA ZA TAIRI, HAPA WENGI WANALIZWA

Kaa vizuri, maana hili muuzaji hatakwambia. Ile ya kimama ya Kijapani ina tairi limeandikwa inchi 26. Ile ya milimani nayo imeandikwa inchi 26. Kwa hiyo tairi la hii litaingia kwenye ile, si ndiyo?

Thubutu!

Angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba nyingine ndogo. Ya milimani itaishia na 559. Ya kimama yenye upana wa inchi 1 na 3/8 itaishia na 590. Hizo ni milimita za duara pale tairi linapokaa kwenye rimu, na tofauti ya milimita 31 hailazimishwi kwa bisibisi wala kwa maombi. Hata kwenye inchi 28 mambo ni hayo hayo. Ile nyeusi ya kizamani ni 635, lakini kuna tairi nyingine zimeandikwa 28 na chini yake ni 622. Hazikai.

Kwa hiyo mtu anauziwa baiskeli safi ya mtumba, rimu kama kioo, tairi limebaki roho. Anasema "tairi nitanunua baadaye". Anakwenda duka la kwanza, la pili, la tano, hakuna saizi yake. Anaambiwa jaribu Bariadi. Bariadi anaambiwa jaribu Mwanza. Baiskeli ya bei poa imeshageuka safari ya basi.

Dawa ni hii. Kabla hujatoa ngawira, nenda kwa fundi baiskeli aliye karibu na kazini kwako, yule wa chini ya mti, mwenye bakuli la maji ya kutafutia pancha. Msalimie vizuri, "Shikamoo mzee" kama umri wake unaitaka, kaa kwenye benchi, usiwe na haraka. Muulize: "Mzee, leo hii ukifungua hilo sanduku, una tairi saizi gani? Tyubu je? Spoku za urefu gani? Gololi, pini, viatu vya breki?" Vile vilivyomo kwenye sanduku lake na kwenye duka la jirani yake, ndiyo baiskeli yako hiyo. Kama sanduku limejaa vifaa vya 28, nunua 28. Baiskeli ambayo vipuri vyake viko umbali wa siku mbili si rahisi hata kama umepewa bure, kwa sababu kila ikiharibika unarudi kwa bodaboda, na kibarua kikiota nyasi hakuna atakayekuuliza tairi lilikuwa saizi gani.

Wakati uko hapo, hesabu na matundu ya spoku. Baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati za mtumba nyingi zina 36. Rimu ya matundu 36 haivai habu ya matundu 40. Ndiyo, najua, mambo ya hesabu mliyakimbia shule. Yamewafuata.

DADA ZANGU MSIONDOKE

Hizi habari si za wanaume peke yao. Nesi wa zamu ya usiku anayatembea maporomoko yale yale, tena saa mbaya zaidi. Fremu yenye bomba la juu inasumbua ukivaa gauni au kitenge, hivyo tafuta ya kike, ile iliyoinama katikati. Lakini ikague zaidi pale mabomba yanapokutana na bomba la usukani, kwa kuwa fremu ya aina hiyo inategemea hapo kubeba uzito, na ufa ukianza hapo usiununue. Hakikisha mnyororo una kava zima. Kitenge kikiingia kwenye mnyororo katikati ya njia, utachagua kati ya kitenge na heshima.

Taa pia. Za Kijapani nyingi zina dinamo, inawaka kwa nguvu ya gurudumu bila betri. Kwa mtu wa zamu hiyo ni hoja kubwa, niko tayari kumruhusu mtu apate shida kidogo ya tairi kwa ajili ya taa hiyo, ilimradi fundi wake awe ameshathibitisha saizi ipo.

Na urefu ukupe raha. Ukisimama katikati ya baiskeli, nyayo zote mbili ziguse ardhi. Ukikaa kwenye siti na pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Wengi wanakanyaga magoti yakigusa kidevu, halafu wanailaumu baiskeli kuwa nzito.

KUIKAGUA MTUMBA BILA KUZUGWA

Muuzaji atakuonyesha rangi. Wewe iinue. Zungusha gurudumu na utazame rimu inavyopita kwenye viatu vya breki. Ikicheza kushoto kulia kama mcheza ngoma, spoku zimelegea au rimu imepinda. Shika tairi kwa juu ulitikise kwa pembeni. Likigonga gonga, gololi zimekwisha. Vuta mnyororo kwa mbele kabisa ya lile gurudumu kubwa la meno. Ukiinuka mpaka unaona jino zima, mnyororo umekwisha, na ukiubadilisha huenda na friwili nayo ikadai. Simama pembeni uitazame uma ya mbele. Kama imerudi nyuma kuelekea kwenye pedeli, baiskeli hiyo ilishagonga kitu, na kilichogongwa hakikuwa kuku.

Kisha ingiza vidole viwili kati ya tairi na madigadi. Vikipita, tope nalo litapata pa kutokea. Visipopita, ujue masika utaondoa hayo madigadi au utabeba begani.

Usisahau karatasi. Fremu ina namba iliyogongwa, mara nyingi chini pale mikono ya pedeli inapopita au karibu na siti. Iandike hiyo namba kwenye makubaliano, muuzaji na wewe msaini mbele ya mwenyekiti au mtendaji. Muuzaji akianza kusema "aah kaka, mbona tunaaminiana", mwache na baiskeli yake. Ya wizi hiyo, ukikutwa nayo utaeleza polisi habari za kuaminiana.

NA MSHIKO?

Hela yote uliyonayo usiimalizie kwenye baiskeli. Kama una 200,000 mfukoni, tafuta ya 150,000 na hiyo 50,000 ilinde kama mboni. Itanunua tyubu ya akiba, pampu, viraka na solesheni, kufuli, na siku nzima ya fundi kuifungua yote, kuosha gololi, kuweka grisi mpya na kukaza spoku. Hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi ifanyiwe hivyo, kwani nyingi zinaunganishwa kwa haraka dukani.

Majira nayo yana bei. Pamba ikishanunuliwa katikati ya mwaka kila mtu anataka baiskeli na wauzaji wanajua. Januari, ada na madaftari vikibana, wenye nazo wanaziuza wenyewe. Mwenye kibubu asubiri Januari.

Ukishaipata, chukua tyubu kuukuu, ikate ubavu, uitandike ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Gurudumu linaongezeka uzito kidogo, lakini mbigili nyingi zitaishia hapo. Mnyororo usiuogeshe oili chafu ya gari kama wengi wanavyofanya. Ile imejaa vumbi la chuma, na kiangazi inakamata vumbi la njia na kuwa msasa. Matone machache ya oili safi, kisha futa kwa kitambaa mpaka uonekane kama mkavu.

Na hicho kijiti cha kukwangulia tope, kifunge kwenye keria tangu Oktoba, kabla mvua ya kwanza haijakukuta katikati ya mbuga.